Aliyezaliwa Uani kwa Bi Tunu

Wanunuzi wa mitumba Manzese huwa hawajali urefu wa suruali. Wanaangalia kitambaa, wanaangalia chata, urefu wanamwachia fundi. Na fundi waliyemwachia miaka yote hiyo, kwenye kibaraza cha pili kutoka Barabara ya Morogoro, alikuwa Rosalia, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Alikuwa akiishi hapo nyuma tu, vyumba viwili vya uani katika nyumba ya Bi Tunu, yeye na baba yake Mzee Nikodemu na binti yake wa miaka saba, Herieth. Baba wa mtoto alikwenda kusini kutafuta maisha Herieth akiwa bado hajaota meno, na maisha aliyoyapata huko yakamnogea. Hakurudi.

Mzee Nikodemu alikuwa mchonga vinyago. Kila asubuhi alikwenda Mwenge kuchonga mpingo na wenzake, Wamakonde kama yeye, na jioni alirudi na vumbi jeusi kwenye kope. Usoni alikuwa na nembo, zile chale alizochanjwa utotoni, mistari iliyopindana mashavuni na kwenye paji la uso. Uzee ulikuwa umeichanganya na makunyanzi, mgeni asingejua ipi ni ipi. Herieth alipenda kukaa mapajani kwa babu yake na kuifuata kwa kidole kama mtu anayesoma.

Mtoto huyo alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Alipokuwa chini ya miaka mitano mambo yalikwenda, maana watoto wadogo walikuwa wakitibiwa bure. Baada ya hapo kila kliniki, kila kipimo na kila dawa ikawa mkono mfukoni. Sikoseli si ugonjwa wa kumeza vidonge wiki moja ukasahau, ni wa kuishi nao. Daktari wa kliniki alikwisha kumwambia Rosalia, tena kwa kumkazia macho, "Mama, mkatie huyu mtoto bima. Usingoje azidiwe."

Rosalia hakungoja. Hela ya bima alikuwa nayo, alikuwa ameiweka kidogo kidogo kutoka kwenye hizo hizo suruali za watu. Cheti cha kuzaliwa cha Herieth kilikuwepo. Kilichokosekana ni namba ya kitambulisho cha taifa cha mzazi, na hiyo hakuwa nayo, kwani miaka yote kadi ya kupigia kura ilikuwa inamtosha. Basi akafunga cherehani siku moja akaenda kuiomba. Kwa kuwa yeye mwenyewe alizaliwa nyumbani na hakuwa na cheti, alimchukua baba yake awe shahidi.

Kwenye ofisi ya vitambulisho, mtumishi wa dirishani hakumtazama Rosalia. Alimtazama mzee.

"Huyu ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Amezaliwa wapi?"

Mzee Nikodemu akajibu mwenyewe, bila kusita, "Lindi, kwenye shamba la mkonge. Baba yangu alivuka Ruvuma akiwa kijana, akaja kukata mkonge. Akamwoa mama yangu, mtu wa Newala."

Ndivyo ilivyokuwa, na mzee hakuwahi kudhani kuwa ni jambo la kuficha.

"Kwa hiyo ni Wamavia," mtumishi akasema.

Zamani hivyo ndivyo walivyoitwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Mjini neno hilo lilikwisha kugeuka tusi, la kumwambia mtu kwamba ni wa kuja na hajastaarabika.

"Sie ni Wamakonde," Rosalia akasema. "Na mie nimezaliwa hapa hapa Manzese."

"Mama, kuna Wamakonde wa huku na kuna Wamakonde wa kule. Hizo nembo za mzee zinajieleza zenyewe. Nendeni kwanza uhamiaji mkahakikiwe. Mwingine!"

Nyuma yao kwenye foleni watu wawili watatu walicheka. Mzee Nikodemu alikuwa ameishika kofia yake mkononi kwa heshima ya ofisi. Akaivaa, akaivuta chini mpaka kwenye nyusi, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anavaa kofia hata ndani ya nyumba, hata wakati wa kula, na Herieth akinyoosha kidole, babu alikuwa anakigeuzia upande mwingine kwa mzaha.

Rosalia aliona yote hayo, na akaapa moyoni kwamba hatampeleka tena baba yake kwenye dirisha lolote. Pia hakumwambia mtu. Angemwambiaje mtu? Aseme kwamba wameitwa wageni, wao waliozika wafu wao hapa?

Bi Tunu, mwenye nyumba, alikuwa akiuliza mara kwa mara. "Roza, ile bima ya mtoto imefikia wapi?"

"Nafuatilia, Bi Tunu."

Hilo ndilo likawa jibu. Nafuatilia. Bi Tunu alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, watu ambao babu zao walikuwa wakilima mihogo Manzese kabla mji haujafika. Mwanawe, Mbwana, alikuwa na kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, na kazini kwake walimkatia bima yeye, mkewe na watoto. Mtoto wake mkubwa, Najma, alikuwa rika la Herieth, shoga yake wa kula na kucheza. Kadi ya Najma ilikuwa imetumika kwa malaria mara moja na kwa jino bovu mara moja. Mbwana alipokwenda kuomba namba yake, hakuna aliyemuuliza babu yake alivuka mto gani.

Rosalia hakuwaonea kijicho. Najma alikuwa kama mwanawe. Lakini siku za kliniki, akiwa amekaa benchi la wanaolipa taslimu huku wenye kadi wakipita dirisha la pili, kuna jambo alianza kuliona na akishaliona hakuweza tena kutoliona. Kwenye benchi lake alikuwa akisikia Kimakonde. Si kila siku, na si kila mtu, lakini kuliko ilivyostahili. Upande wa kadi alikuwa hakisikii. Mama mmoja aitwaye Margareta, mke wa kuli wa bandarini, alikuwa akija na mvulana mwenye sikoseli kama Herieth. Walikuwa wakisalimiana kwa lugha ya nyumbani, wakiulizana hali za watoto, na hakuna kati yao aliyewahi kumuuliza mwenzake kwa nini amekaa benchi hilo.

Masika ilipoanza, Herieth alinyeshewa akitoka shule. Asubuhi yake aliamka akilia miguu. Rosalia alimkanda, akampa maji mengi, akampa dawa ya maumivu iliyokuwepo. Kilio hakikupungua, kikahamia mikononi na kifuani. Mzee Nikodemu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, hajui aweke wapi mikono. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mtu akisema hasikiki.

Bi Tunu akatokea uani na kanga kichwani, ameshaita bajaji. Akamsukumia Rosalia kitu mkononi.

"Chukua, uende."

Ilikuwa kadi ya bima. "Bi Tunu, hii ni ya Najma."

"Najua ya nani. Picha yenyewe alipigwa akiwa na miaka mitatu, mashavu matupu. Wataona nini? Mwambie mtoto akiulizwa jina aseme Najma. Nenda, mwanangu, mtoto anateketea."

Ndani ya bajaji, Rosalia alimfunika Herieth kwa kanga na kumnong'oneza sikioni, "Leo wakikuuliza jina, sema Najma. Umesikia, mama?" Mtoto alitikisa kichwa. Alikuwa ameuma meno.

Hospitali waliwahi. Kadi ilipokelewa, mtoto akapelekwa kwa nesi aliyekuwa zamu, sista Jesca, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alikuwa amechoka lakini sauti yake ilikuwa laini. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Haya, Najma. Niambie mwanangu, wapi panauma?"

Herieth akafumbua macho. "Mie siyo Najma," akasema. "Najma yuko shule. Mie Herieth."

Rosalia alitamani sakafu ipasuke. Akaanza kusema, "Sista, naomba unisikilize." Sista Jesca alimtazama yeye, akaitazama kadi, akamtazama tena mtoto, ambaye alikuwa amerudi kulia kimyakimya. Akaichukua ile kadi akaitia kwenye mfuko wa gauni lake.

"Herieth, eh? Jina zuri. Mama, ana nini huyu mtoto? Sema haraka, na sema kweli."

"Ana sikoseli, sista. Tangu yuko mdogo."

Basi kila mtu akaanza kukimbia. Dripu ikatundikwa, dawa ya maumivu ya nguvu ikaletwa, daktari akaitwa, damu ikachukuliwa ya kupima. Hakuna aliyetaja kadi. Baada ya muda mikono ya Herieth ililegea, akapumua vizuri, akalala usingizi. Ndipo sista Jesca alipomvuta Rosalia koridoni.

"Huyo Najma ana sikoseli?"

"Hana."

"Basi ningefungua faili la mtoto asiye na tatizo la damu. Ningemwona wako ana homa na miguu inauma, ningempa dawa ya homa nimwache benchi asubiri majibu ya malaria. Unaelewa ningekuwa nimefanya nini?"

"Naelewa."

"Mwanao ana akili kutuzidi wote leo." Akaitoa kadi mfukoni akamrudishia. "Mrudishie mwenyewe. Usirudie tena. Sasa niambie, kwa nini huyu hana yake? Maana naona mama yake si mzembe. Amekuja na chupa ya maji, amekuja na majina ya dawa zote kichwani."

Rosalia alifungua kinywa aseme anafuatilia. Neno hilo halikutoka. Kilichotoka kilikuwa kilio, na ndani ya kilio akaeleza yote. Dirisha, Lindi, mkonge, Wamavia, kicheko cha watu kwenye foleni, kofia ya baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti, na alishangaa kuona jinsi yalivyokuwa maneno machache. Sista Jesca hakumkatiza. Alipomaliza, alimpa kipande cha pamba ajifute.

"Chumba cha mwisho kule, ustawi wa jamii. Mwulize Revelian. Mwambie umetumwa na mimi, na umwambie kama ulivyoniambia."

Revelian alikuwa mwanamume mnene wa makamo, Mhaya, na lafudhi ya kwao ilikuwa haijamtoka. Alimsikiliza Rosalia mpaka mwisho, akaandika msamaha wa matibabu ya mtoto kwa safari ile, akampa. Rosalia alidhani wamemaliza, akainuka. Revelian akamwambia akae.

"Nani alikuwepo siku uliyozaliwa?" Revelian akauliza.

"Mama yangu ameshafariki, kaka."

"Sijauliza mama. Nauliza nani mwingine alikuwepo. Mtu hazaliwi porini. Ilikuwa nyumba ya nani?"

"Ya kina Bi Tunu. Ndimo tunamoishi mpaka leo."

"Bi Tunu mwenyewe yuko hai?"

"Ndiye aliyenipa hiyo kadi ya mjukuu wake."

Revelian akacheka mpaka kiti kikalia. "Yaani mama anayeweza kukutoa yuko dirishani kwako, na wewe unalia hospitali? Sikiliza, dada yangu. Mie ni mtu wa Misenyi, pale mpakani na Uganda. Nilipokwenda kuomba yangu niliambiwa niimbe wimbo wa taifa. Mtu mzima, nina watoto watatu. Nikauimba, beti zote, nimesimama wima. Sikupenda, lakini niliimba. Hiki kilichokupata si chako peke yako, na siyo aibu yako. Anzieni serikali ya mtaa, mpate barua ya mwenyekiti. Mwende na huyo mama aape. Mkitumwa uhamiaji, nendeni, msiogope, mna majibu. Na baba yako aende."

"Baba sitaki aende."

"Umemuuliza yeye?"

Rosalia hakuwa amemuuliza.

Herieth alilazwa siku chache. Mbwana mwenyewe alikuja kumwona akiwa na Najma na mfuko wa machungwa, na Najma akakasirika kusikia kwamba alikuwa karibu kuibiwa jina. Waliporudi nyumbani, Rosalia alimkuta Bi Tunu uani, ungo mapajani, akichagua mchele. Alimwamkia, akapiga magoti, akamrudishia kadi, na hapo hapo, kabla hajapoa, akamweleza.

Bi Tunu aliacha mchele. "Umekaa na maneno hayo rohoni muda wote huu? Chini ya bati langu?"

"Niliona aibu, Bi Tunu."

"Aibu ya nani? Wewe mtoto! Siku uliyozaliwa maji yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni, mkunga kashindwa kuvuka. Mama yako amenishika mkono hivi, alama za kucha zilikaa mwezi. Nilikuwa msichana, sijazaa hata mmoja. Mie ndiye niliyekupokea. Kitovu chako nilikizika mwenyewe, pale, kwa jembe la mama yangu. Halafu mtu akae kwenye kiti anizushie kwamba wewe umetoka ng'ambo ya mto?" Akasimama, mchele ukamwagika, hakuujali. "Mzee Niko! Hebu toka!"

Mzee Nikodemu akatoka na kofia yake.

"Kesho vaa suti. Tunakwenda kwa mwenyekiti, kisha tunakwenda huko kwenye dirisha lenu."

Mzee alitazama chini. "Mie siendi, Bi Tunu."

"Kwa sababu walikutukana?"

"Matusi nimeyazoea. Siendi kwa ajili ya mjukuu. Uso wangu ndio uliomharibia. Nikionekana tena watakataa tena. Nendeni nyie."

Muda wote ule Rosalia alidhani anamlinda baba yake, kumbe mzee naye alikuwa amejifunika uso akidhani anawalinda wao. Walikuwa wamekaa nyumba moja, wanakula sahani moja, kila mmoja amebeba mzigo wake akimficha mwenzake. Akamwendea, akamshika mkono wenye sugu za patasi.

"Baba, mie sina uso mwingine wa kwenda nao. Nina huo wako tu."

Bi Tunu ndiye aliyejibu. "Umesikia. Na hiyo kofia utaiacha nyumbani."

Walikwenda. Mwenyekiti wa mtaa, Ismail, alikuwa mteja wa Rosalia na hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliandika barua, akagonga muhuri, akawasindikiza mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi. Kule ofisini, yule mtumishi wa siku ile alikuwa amekaa meza ya nyuma. Dirishani alikuwepo binti wa umri wa kuolewa, na mbele yake Bi Tunu aliweka mkoba wake kama mtu aliyekuja kukaa.

"Mama, wewe na huyu dada mna undugu?" binti akauliza.

"Unataka undugu gani? Mie Mzaramo, huyu Mmakonde. Kwa damu hatuna. Lakini kitovu nimemkata mie, kwa wembe nilioutia maji ya moto, mama yake akiwa ananishikilia. Kama kuna kiapo, kilete. Na huyu mzee ndiye baba yake. Amekaa kwetu tangu baba yangu, mzee Shomari, yuko hai. Nimemjua nikiwa kigori. Baba yangu alipofariki, jeneza alilibeba huyu, Mkristo, akatembea nalo mpaka makaburini. Mtazame vizuri usoni, usiogope. Hizo ni nembo za kwao. Mie kwetu tulikuwa tunatoga masikio, mbona hamkuyauliza?"

Watu kwenye foleni walicheka tena, lakini safari hii ilikuwa kicheko kingine, na mama mmoja akasema, "Mwambie, bibi." Yule mtumishi wa meza ya nyuma aliinua kichwa, akaona nembo, akaona Bi Tunu, akarudi kwenye kazi yake. Hakuomba radhi. Mzee Nikodemu alisimama kichwa wazi, ameweka mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha.

Haikwisha siku hiyo. Walitumwa uhamiaji hata hivyo, wakaenda, na huko mzee aliulizwa juu ya shamba la mkonge. Akataja kambi alikozaliwa, nyapara aliyekuwepo, kanisa alikobatizwa, majina ya majirani waliokwisha kufa na waliobaki. Afisa aliyemhoji alikuwa mtu wa heshima, alimwita mzee wangu na kumletea maji. Waliitwa mara ya pili, Bi Tunu akaenda tena, akilalamikia magoti yake njia nzima. Kisha wakaambiwa wasubiri.

Ujumbe wa simu ulimkuta Rosalia kwenye kibaraza, pini mdomoni, suruali ya mtu chini ya sindano. Alisoma namba, akaisoma tena. Akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, asije akazimeza. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali akamuuliza kama amepata msiba.

"Hapana, kaka," akasema, machozi yanamchuruzika. "Nimepata mtoto."

Na kwake ilikuwa hivyo hasa, kama vile Herieth alikuwa amezaliwa upya. Wiki ile ile alimkatia bima kwa hela yake mwenyewe, hela iliyokuwa imekaa muda wote ikingoja tu aambiwe kwamba ni mtu wa hapa. Jumapili alipeleka parokiani nia ya misa ya shukrani, na padri akaisoma mbele ya waumini wote: kwa ajili ya sista Jesca, kwa ajili ya Revelian wa ustawi wa jamii, na kwa ajili ya Tunu binti Shomari. Mtu mmoja aligeuka kutaka kujua huyo wa mwisho ni wa jumuiya gani.

Jioni Bi Tunu aliposikia, alishika kiuno. "Mie nimeombewa kanisani?"

"Ndiyo, Bi Tunu. Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Dua ni dua. Ila wangesema pia habari ya magoti."

Siku ya kliniki iliyofuata, Herieth alipita dirisha la kadi. Rosalia alichukua namba yao, akamkalisha mtoto, halafu macho yake yakamvuta upande wa pili. Margareta alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile na mwanawe mapajani. Furaha ya Rosalia ikapungua kidogo. Mtoto mmoja alikuwa amepata kadi, na benchi lilikuwa bado limejaa. Akavuka, akakaa karibu yake, wakasalimiana kwa Kimakonde.

"Dada," Rosalia akasema, "samahani, nikuulize jambo ambalo halinihusu. Na nyie mliambiwa ni wa kule?"

Margareta alimpakata mwanawe vizuri. "Mume wangu," akasema polepole. "Na mimi pia. Wewe umejuaje?"

"Niambie ulizaliwa wapi, na nani alikuwepo."

Walizungumza mpaka Herieth alipoitwa. Margareta alizaliwa Chang'ombe, na shangazi mmoja wa Kingindo aliyekuwepo siku hiyo alikuwa hai, anauza mkaa. Rosalia alimpeleka kwa Revelian siku ile ile, akamwacha mlangoni, na wakaahidiana safari ya kwenda wote kwa huyo shangazi. Kama ingefanikiwa, hakujua. Lakini Margareta alipoingia chumba kile alikuwa ameinua uso.

Mzee Nikodemu, kwa upande wake, alikuwa akisumbuka namna ya kumshukuru Bi Tunu. Kinyago asingempa. Bi Tunu alikwisha kumwambia miaka mingi iliyopita kwamba hayo mashetani yake ya mpingo mazuri sana, lakini ndani ya nyumba ya Mwislamu hayalali. Basi mzee alikwenda Mwenge, akachagua gogo la mninga, akafanya kazi kwa siri, na siku moja akarudi na mbuzi ya kukunia nazi. Ilikuwa mbuzi ambayo Manzese nzima haijapata kuionea mfano. Kiti chake kilikuwa kimechongwa kwa kufuata umbo la mtu mwenye magoti mabovu, juu kidogo kuliko mbuzi nyingine, na pembezoni alikuwa ameipambia mistari iliyopindana, ile ile ya mashavuni kwake.

Bi Tunu aliikagua, akaizungusha, akapitisha kiganja kwenye ile mistari. Kisha akaikalia, akajigeuzageuza.

"Iko juu mno," akasema.

"Ni kwa ajili ya magoti," mzee akajibu.

"Nimesema iko juu mno, sijasema siitaki. Roza! Lete nazi. Lete mbili, leo sote tunakula wali hapa."

Rosalia akaleta nazi. Mzee Nikodemu alikaa kwenye kigoda, kichwa wazi, Herieth upande huu na Najma upande ule, watoto wakigombania maji ya nazi zilizopasuliwa na Mbwana aliporudi kutoka kazini. Bi Tunu alikuna nazi ya kwanza, akakuna ya pili, akiwafukuza watoto wasiimalize nazi iliyokunwa, na alipoulizwa kama mbuzi bado iko juu, akasema wamwache, anafanya kazi.